Unguja, Diani, Lamu au Mafia: ukapumzike pwani ipi?

Picha za matangazo hazitakusaidia kuchagua. Ziweke pamoja picha za Nungwi, Diani, Shela na Mafia: zote zina mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji na ngalawa moja imetia nanga. Ukifika ndipo unagundua kwamba pengine huwezi kuogelea hadi alasiri, au kwamba ukishachoka na bahari hakuna pengine pa kwenda.

Kwa hiyo naanza na maswali mawili. Maji ya hapo yanakupwaje? Na siku ambayo hutaki kuloa, utakwenda kuona nini?

Mwenye haraka achukue jibu hili. Kama ni mara yako ya kwanza na unataka kidogo cha kila kitu, nenda Unguja. Ukiwa na watoto wanaotaka wanyama pamoja na bahari, hasa kama unatokea Nairobi, Diani ndiko kwako. Anayependa mji kuliko ufukwe aende Lamu. Na yule ambaye akivaa miwani ya majini hataki tena kutoka, Mafia inamsubiri. Waliobaki, wenye shaka au wenye mwenza anayetaka tofauti na wao, tuendelee.

Maji kwanza

Pwani yote ya Afrika Mashariki maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, huko Unguja tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita nne. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, jambo hilo halisumbui sana kwa sababu ufukwe unaingia kwenye kina upesi. Maji yakipwa unaongeza hatua chache, unaendelea kuogelea.

Mashariki ni habari nyingine. Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe zina uwanda mpana wa mchanga na majani ya bahari unaokwenda hadi mwambani, na maji yakitoka yanatoka kweli. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari anafungua pazia saa nne asubuhi, anawakuta akina mama wenye kanga wameinama palepale alipotegemea kupiga mbizi. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa baina ya vijiti, na maji yanawafika kwenye vifundo vya miguu tu. Wapo wageni wanaoona wametapeliwa. Mimi naona hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote Paje: vaa viatu vya mpira, maana kuna vidude vyeusi vya miiba mirefu visivyo na msamaha, kisha tembea taratibu kuelekea mwambani. Salimia, na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Wale wako kazini.

Jambo ambalo watu wa pwani wanalijua na wageni wengi hawaambiwi ni kwamba saa za maji zinafuata mwezi, kwa hiyo zinatabirika. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja unaingia kwenye maji mafu na mambo yanageuka: yanajaa asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Ukilijua hilo, nusu ya ratiba imejipanga yenyewe. Wiki ya bamvua, safari za nchi kavu zifanyike asubuhi na bahari ibaki ya alasiri. Wiki ya maji mafu, ogelea asubuhi. Ni sawa kwa Unguja, Diani, Lamu na Mafia, kwa kupishana kidogo tu.

Diani ina mwamba unaokwenda sambamba na ufukwe, na mawimbi makubwa yanavunjikia huko nje. Ndani yake maji ni tulivu, ndiyo sababu wazazi wanapapenda. Yakipwa hubaki madimbwi kati ya mawe, na vijana wa ufukweni watajitolea kukutembeza uone samaki na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Matembezi ni mazuri. Wakianza kuvitoa majini ili mtoto wako apigwe navyo picha, waambie wavirudishe.

Shela, huko Lamu, ni ufukwe wa kama kilomita 12 wenye vilima vya mchanga kwa nyuma, na vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima vya kisiwa. Karibu na kijiji, upande unaokingwa na kisiwa cha Manda, maji ni ya kuogelea. Ukiendelea mbele unakutana na bahari kuu, na mawimbi yake si ya kumwachia mtoto. Kwa matembezi ya jioni, hata hivyo, sijui ufukwe unaoushinda huo.

Kuhusu Mafia nitasema wazi: ukiifuata kwa ajili ya mchanga utarudi unanung'unika. Hoteli nyingi ziko Utende, zinatazama ghuba ya Chole, penye mikoko na maji yanayokwenda mbali. Mchanga wa kwenye picha uko kwenye mafungu ya katikati ya bahari, na kufika huko ni kwa mashua.

Michezo ya majini

Kwa kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara kubwa, Paje haina mpinzani wa karibu. Upepo wa kusi unavuma vizuri kuanzia Juni hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari, na maji ni mapana na ya kina kifupi, kwa hiyo anayejifunza akianguka anasimama. Diani inafuata, yenye misimu ileile. Lakini kama hamchezi kaiti na mna watoto, msikae katikati ya Paje miezi hiyo, kwa sababu kamba zinapita juu ya vichwa kutwa nzima. Jambiani iko jirani na ina utulivu zaidi.

Kuangalia samaki kwa miwani na mrija kunawezekana kote isipokuwa Lamu, ambako pa kwenda kwa shughuli hiyo ni Manda Toto tu. Unguja watu humiminika Mnemba. Matumbawe ya hapo ni mazuri, ila kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, hivyo mashua zote hujazana majini pembeni yake. Ukiweza, toka alfajiri. Kutoka Diani unakwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kusini karibu na mpaka wa Tanzania. Siku hiyo imepangika vizuri kuliko ya Mnemba, kwa sababu unaunganisha hifadhi, chakula cha mchana kisiwani Wasini na mapango ya Shimoni.

Mafia iko daraja lake. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa 1995, ndiyo ya kwanza Tanzania, na ndani ya ghuba ya Chole hata asiyejua kuzamia kwa mtungi anaona mengi. Kisha kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula vijidudu vya majini na asiye na shida na mtu. Kuanzia Oktoba hadi Februari hukaribia upande wa Kilindoni. Unaingia majini na miwani na mrija, unakaa mbali naye, humgusi. Kuna siku hatokei, na nahodha mwaminifu atakuambia hivyo kabla hujalipa.

Pomboo wa Kizimkazi nakushauri uwaache. Mashua kumi zikimfukuza mnyama mmoja, injini zinaunguruma na watu wanarushwa majini mbele yake, hakuna anayefaidi. Kizimkazi ina sababu bora ya kuiendea, tutaifikia.

Lamu haina michezo ya kasi. Kuna mashua ya tanga jioni, kuvua kwa mshipi na kupita kwenye vijia vya mikoko. Kijana wa miaka kumi na saba atachoka siku ya pili. Huyo mpeleke Diani, ambako akiwa na ujasiri na wewe una hela anaweza kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli na kutua ufukweni.

Siku ya kutoka

Hapa ndipo tofauti inakuwa kubwa, na kama mnabishana nyumbani, bishaneni kwa hoja za sehemu hii.

Unguja inashinda kwa wingi. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, unastahili siku nzima. Anzia kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873. Ingia huko ukiwa na nguvu za asubuhi, maana ni pazito. Beit el-Ajaib, jumba la zamani la masultani, ni ya kutazamwa kwa nje: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, usiiweke kwenye ratiba kama makumbusho bila kuulizia. Mchana zunguka vichochoro bila ramani. Jioni shuka Forodhani, bustani ya ufukweni penye wauza chakula, na kwa urojo waulize wenyeji wanakula kwa nani, kwa sababu meza zenye taa nyingi zinalenga wageni. Kisiwa cha Changuu kina kobe wakubwa wenye asili ya Ushelisheli na jengo lililokusudiwa kuwa jela miaka ya 1890 likaishia kuwa karantini. Nusu siku inakutosha.

Ziara ya mashamba ya viungo, upande wa Kizimbani na Kidichi, inategemea unatoka wapi. Mwenyeji wako atakwangua gome la mdalasini ulinuse, atapasua tunda la kungumanga uione basibasi nyekundu ilivyoikumbatia kokwa, atakufumba macho ubashiri hiliki au karafuu. Watoto wa mjini wanafurahi mno. Mtu wa Muheza, ambaye vitu hivi viko nyuma ya nyumba ya shangazi yake, atapiga miayo. Na ile kofia ya makuti utakayovishwa mwishoni ina bei yake, ingawa hakuna atakayeitaja.

Msitu wa Jozani uko njiani kati ya mjini na Paje, kwa hiyo uweke siku ya kuhama hoteli. Kima punju wa pale hawapatikani porini popote nje ya visiwa vya Zanzibar, na wamezoea watu kiasi kwamba wanapita juu yako bila habari. Kusini zaidi kuna msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya mwaka 1107. Kwa nje ni kijengo cha kawaida chenye bati. Ndani, kibla chake kimechongwa kwa mawe ya matumbawe kwa ufundi unaokufanya unyamaze. Uliza kwanza, vua viatu, vaa nguo za heshima. Ukiwa Unguja Julai, fuatilia tarehe ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako wanaume hupigana kwa mashina ya migomba na akina mama huimba.

Diani ina safari chache lakini hazifanani, na hiyo ndiyo nguvu yake. Asubuhi moja uko Shimba Hills, mahali pekee Kenya penye palahala, aina ya swala mkubwa, na tembo wapo pia. Siku nyingine unavuka kwenda Fort Jesus ya Mombasa, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593. Iliyonigusa kuliko zote ni Kaya Kinondo, kusini tu ya hoteli. Ni mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Unafungwa kaniki kiunoni, unaelezwa masharti, kisha unaingia nyuma ya mwenyeji wa Kidigo. Huokoti kitu chochote, hata jani kavu. Joto la nje linakatika ghafla, mizizi imekumbatia mawe ya matumbawe, na kila mti una dawa yake na mtu wa kuieleza. Haichukui hata nusu siku, na wageni wengi wa Diani wanaondoka bila kujua ipo.

Wasini nayo usiifanye kituo cha chakula tu. Omba muda wa kutembea kijijini na kwenye bustani ya matumbawe ya kale inayoendeshwa na akina mama wa hapo, penye njia ya mbao juu ya mikoko. Kiingilio chao kinabaki kisiwani.

Lamu haihitaji safari ya siku moja, kwa sababu unalala ndani ya safari. Mji wake uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mitaa ni myembamba kiasi kwamba ukisikia "simile!" nyuma yako unajibandika ukutani, punda aliyebeba mawe ya ujenzi apite. Asubuhi tembelea makumbusho na ngome iliyokamilika 1821, halafu tafuta mkate wa mofa. Matondoni utawaona mafundi wa vyombo vya baharini wakikalafati, yaani wakiziba nyufa za mbao kwa pamba. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yana msikiti na kaburi la nguzo, lakini mfereji wa mikoko wa kufika huko unapitika maji yakijaa tu. Nahodha akikuambia saa kumi alfajiri, mfuate. Anayajua maji kuliko simu yako. Siyu na Pate ni mbali, zinataka kutwa nzima na mgongo mzima. Mwenye bahati ya kuwepo mwisho wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal) atakuta Maulidi ya Riyadha, na mji unajaa wageni kutoka pwani yote. Weka nafasi ya chumba mapema.

Mafia: Chole, kwa ajili ya magofu, popo wakubwa wanaolala mitini mchana na mafundi wa mashua, na Kua, kisiwani Juani, mji wa mawe ulioachwa karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava wa Madagaska. Siku mbili zinatosha. Baada ya hapo ni bahari, bahari, bahari.

Kufika, na hela

Unguja ndiyo rahisi. Boti kutoka Dar es Salaam inachukua kama saa mbili, na ndege zipo kutwa. Kusi likichafuka, usile sana kabla ya boti. Asiye Mtanzania aulizie bima ya lazima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Bandarini utapokewa na mapapasi, kila mmoja akiwa na hoteli ya binamu yake. Jibu kwa upole, endelea kutembea.

Kwenda Diani, treni ya SGR kutoka Nairobi inakushusha Miritini, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni. Ukienda kwa ndege ya moja kwa moja hadi Ukunda, dakika kumi na tano baadaye uko majini.

Lamu, nenda kwa ndege hadi Manda, kisha mashua ya kuvuka. Barabara ipo, lakini baada ya mashambulizi ya miaka iliyopita sehemu za njia hiyo zimekuwa zikihitaji ulinzi. Kwa likizo ya familia sioni sababu ya kujitesa.

Mafia ina ndege ndogo kutoka Dar, au boti ya Nyamisati hadi Kilindoni ambayo ndiyo ya wenyeji. Ni ya nafuu na ina visa vyake. Kumbuka kwamba ukilala ndani ya hifadhi, kiingilio kinahesabiwa kwa siku. Watu wengi hulinganisha bei ya vyumba vya Mafia na Jambiani wakasahau hilo, kisha siku ya kulipa wanakunja uso. Beba pesa taslimu pia.

Kokote uendako, beba kitambulisho cha taifa. Hifadhi na makumbusho za Kenya na Tanzania zina bei ya raia, bei ya mkazi na bei ya mgeni, na pengo lake ni kubwa. Ukiulizia hoteli, taja mapema kwamba unataka bei ya mkazi, na uliza kama ni ya chumba au ya mtu mmoja, kama chakula cha jioni kimo, na kama safari ya mashua wanayokutajia inajumuisha kiingilio cha hifadhi. Swali la mwisho ndilo linaloficha gharama nyingi zaidi.

Msimu

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, Mafia na Lamu hoteli nyingi hufunga. Unguja na Diani hubaki wazi kwa bei ya chini, na kati ya mvua na mvua kuna asubuhi nzuri sana. Wakati wa kusi maji ya nje ya mwamba huchafuka, kwa hiyo wazamiaji wa Mafia wanafaidi zaidi kuanzia Oktoba.

Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2026 na 2027 inaangukia Februari na Machi, palepale penye jua zuri. Hoteli za ufukweni haziathiriki sana. Mji Mkongwe na Lamu migahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani ni kukosa adabu, lakini baada ya magharibi mitaa inafurika. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kula kila saa achague Diani mwezi huo.

Ukitaka mbili kwa pamoja

Unguja na Mafia zinaungana vizuri kupitia Dar es Salaam, Diani na Lamu kwa ndege. Unguja na Lamu katika wiki moja ni kupoteza siku mbili viwanjani na kuona miji miwili ya mawe harakaharaka. Kwa usiku saba wa Unguja peke yake, ningelala nne mashariki au kaskazini, kulingana na mwezi unavyosema kuhusu maji, nikapita Jozani siku ya kurudi, na kumalizia Mji Mkongwe kwa usiku tatu. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na mjini wakiwa na uchovu wa safari, wanauona nusu. Zaidi ya hayo, boti za asubuhi zinaondoka mapema, na kutoka Paje hadi bandarini ni zaidi ya saa moja ya barabara ambayo hutaki kuianza gizani ukiwa na mabegi.